Kilichokuwa Tumboni mwa Ng'ombe wa Hezekia

Kwa miaka kumi na tisa Klara aliosha matumbo ya ng'ombe na mbuzi kwenye machinjio ya Shelui, na hakuna aliyewahi kumwona akiziba pua. Wanawake waliokuja kununua utumbo walisimama mbali, ncha ya kanga mdomoni, wakiomba wahudumiwe upesi. Yeye aliketi kwenye kigoda chake katikati ya yale maji ya kijani, kisu mkononi, akipasua, akikung'uta, akikwangua, huku akiwauliza habari za nyumbani. Mumewe alipofariki alimwachia mtoto mmoja, Deo, na nyumba ya vyumba viwili ukingoni mwa korongo. Utumbo ndio uliomsomesha Deo mpaka akawa fundi ujenzi. Klara hakuwa na sababu ya kuuonea kinyaa. Mavi ya ng'ombe, alikuwa akisema, ni majani tu yaliyopita njia ndefu.

Akishaosha, alibeba ndoo zake mpaka kibandani kwake kando ya barabara kuu, pale malori ya kwenda Nzega yanapopumzika. Alichemsha supu. Mwenye nafasi alikaa kwenye benchi akanywa kwa bakuli. Mwenye haraka alimiminiwa supu yake kwenye mfuko mweupe wa nailoni, ukafungwa shingoni, akaondoka nao. Huko njiani aling'ata kona ya mfuko akafyonza akiwa kwenye usukani. Mifuko ya kubebea mizigo ilikuwa imepigwa marufuku miaka mingi, lakini hii midogo myepesi bado ilipatikana dukani ukiiulizia kwa sauti ya chini. Wauza supu wengine walifunga kwa raba, na raba iliteleza kwa mafuta. Klara alichana vitenge vyake vilivyochakaa, akafunga kwa vipande vya kitambaa, mafundo mawili, na supu haikumwagika. Madereva walimsifu kwa hilo. Mwaka ule alikuwa akichana kitenge cha bluu chenye vifaranga vya njano, alichokivaa mpaka kikapauka makalioni.

Mifuko ikishanyonywa ilikwenda wapi, hakujiuliza. Ilitupwa dirishani, upepo ukaipokea. Upepo wa Shelui una kazi hiyo kila mwaka kuanzia mwezi wa saba. Huchukua kila kitu chepesi kutoka barabarani na kukishusha korongoni.

Upande wa pili wa korongo hilo aliishi kaka yake, Hezekia, mtu wa ng'ombe kumi na moja na maneno machache. Kiangazi, majani yakiisha, ng'ombe wake walishuka korongoni kutafuta chochote cha kutafuna. Mwezi wa tisa mmoja wao, jike la mabaka ambalo Hezekia alilipenda kuliko mengine, liliacha kucheua. Likakonda mbavu zikahesabika, lakini tumbo upande wa kushoto likazidi kuvimba. Walilinywesha magadi. Walilinywesha mafuta ya alizeti. Siku ya kumi lililala chini, likakataa kuinuka, na Hezekia akaamua lichinjwe kabla halijafa lenyewe.

Alilia, jambo ambalo Klara hakuwa amelishuhudia tangu wazike mama yao. Kisha akafuta macho akasema ng'ombe wake amelishwa sumu, na aliyemlisha anamjua. Ni Alute. Mwezi wa nne jike hilo lilikuwa limeingia shambani kwa Alute likala alizeti mistari sita, na Alute, mzee aliyehamia kutoka Ikungi zamani akiwa kijana, alisema mbele ya watu kwamba Hezekia atakuja kujuta. Sasa amejuta. Hezekia alilirudia neno hilo kwa kila aliyekuja kumpa pole.

Asubuhi ya kuchinja, mkaguzi wa nyama alitazama, akayakataa maini, akapitisha nyama iliyokuwepo, ambayo haikuwa nyingi. Tumbo waliliburuta wanaume wawili wakalibwaga mbele ya Klara. Lilianguka kwa kishindo kizito, kama gunia lililolowa.

Akalipasua kama alivyopasua mengine maelfu. Kisu kikapita ngozi ya tumbo, kikagonga kitu, kikakwama.

Harufu ilitangulia. Haikuwa ile ya majani. Ilikuwa chachu na tamu kwa pamoja, kama tairi lililolowekwa kwenye maziwa yaliyoharibika, na ilimpanda puani ikakaa nyuma ya ulimi. Akaingiza mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, akapapasa, akavuta. Kikatoka kitu cheusi, cha mviringo, kikubwa kuliko boga la kuuzwa mnadani, kinadondosha ute. Hakikuwa na mwanzo wala mwisho. Kilikuwa kamba, magunia, soksi moja, karatasi za biskuti, bitana ya pampasi iliyovimba kama uji ulioganda, na nailoni, nailoni juu ya nailoni, zimesokotana na kukandamizana mpaka zimekuwa kitu kimoja chenye ngozi yake. Ng'ombe alikuwa amekibeba kitu hicho na kufa njaa huku amekishiba.

Klara alikichokonoa kwa ncha ya kisu. Ndipo alipoona kipande cha bluu.

Alikivuta. Kilikuwa kimefungwa kwenye shingo ya mfuko, mafundo mawili. Akakisugua kwa kidole gumba mpaka ute ukatoka, na kifaranga cha njano kikamtazama. Akavuta kingine. Akavuta kingine tena. Aliacha kuhesabu alipofika kumi na vinne, kwa sababu mate yalikuwa yamemjaa mdomoni, yale mate mepesi yanayotangulia matapishi. Aligeuka pembeni akatapika chai yake yote ukutani kwa machinjio. Wachinjaji waliacha kazi wakamtazama. Mmoja akamuuliza kama ni malaria.

Alielewa mara moja, bila kuelezwa na mtu. Supu ina chumvi na mafuta. Ng'ombe wa kiangazi hulamba chochote chenye chumvi. Yeye ndiye aliyeunga ile mifuko kwa chumvi na mafuta, akaifunga vizuri isije ikamwagika.

Alikitia kile kitu kwenye gunia, akalibeba kichwani mpaka nyumbani, maji yake yakimtiririka shingoni. Alipofika uani alikwenda moja kwa moja ukingoni mwa korongo na kulinyanyua gunia alitupe. Mikono ilikuwa juu tayari. Akajiona alivyosimama, akajichukia kama mtu anayejikuta anakula kwenye sahani ya mgonjwa. Aliliteremsha gunia polepole, akalifunika kwa beseni nyuma ya choo.

Siku hiyo hakwenda kibandani. Aliketi kizingitini, na nyumba yake mwenyewe ikaanza kunuka puani mwake.

Mkwewe, Janeth, mke wa Deo, alikuwa akiwasha jiko la mkaa. Alichukua mfuko wa nailoni, akauwasha kwa kiberiti, akauacha udondoke matone ya moto juu ya mkaa, kama Klara alivyomfundisha. Moshi mweusi ukapanda mpaka kwenye sufuria ya uji wa mtoto. Mtoto, Esta, wa miezi minane, alikuwa ameketi kwenye mkeka akikohoa kikohozi kikavu ambacho wote wawili walikiita mafua. Jiko lilipowaka, Janeth alimbadilisha mtoto, akaikunja pampasi na mzigo wake ndani, akaitia kwenye mfuko, akaufunga, akatembea hatua chache na kuurusha korongoni bila hata kuangalia ulikoanguka. Klara aliinuka akaenda kuangalia. Pampasi zilikuwa huko chini kwa mamia, nyeupe, zimepasuka, zimemwaga matumbo yao ya uteute. Nzi walikuwa wengi mpaka sauti yao ilisikika. Na mita hamsini mbele yake, kwenye mchanga wa korongo hilo hilo, akaona vile visima vya kuchimba kwa mikono ambavyo nusu ya mtaa ilichota maji mabomba yakikauka. Yeye mwenyewe alichota hapo. Maji ya supu yalitoka hapo.

Akarudi akamwambia Janeth kwamba kuanzia leo hakuna nailoni kwenye jiko wala pampasi korongoni. Mtoto atavaa nepi za kitambaa.

Janeth alikuwa msichana mpole, hakuwahi kumjibu mama mkwe vibaya. Safari hii alimwinua mtoto, akamshika kiunoni.

"Mama, maji ya kufulia nepi yatatoka wapi?" alisema. "Ndoo tatu kwa siku tunazigombania. Na nani atakayefua? Mimi nikienda shambani, nikirudi, nipike, nifue mavi?"

"Nitafua mimi."

"Mama, wewe unaosha matumbo kutwa nzima."

"Ndiyo maana nitafua mimi," Klara alisema.

Hakumweleza kuhusu gunia. Hilo alilifunga moyoni siku tatu, na siku tatu hizo zilimuozea. Alijiambia kwamba ng'ombe ameshachinjwa na nyama imeshaliwa, na kusema hakutamrudisha. Alijiambia mifuko haikuwa yake peke yake, kulikuwa na soksi ya mtu pia. Kila alipokula alisikia ile harufu nyuma ya ulimi, akasukuma sahani pembeni. Usiku akaamka akaenda kuinamia gunia nyuma ya choo, akalifunika tena.

Siku ya nne Sikudhani, jirani yake aliyeuza supu kibanda cha pili, alimpa habari akicheka. Kuna mtu alikuwa amemwaga ndoo ya kinyesi cha binadamu mlangoni kwa Alute alfajiri ile. Mzee alikuwa amefungua mlango akakanyaga kwa miguu mitupu. Watu dukani walikuwa wameacha kumwitikia salamu, na Hezekia alikuwa amemwomba mwenyekiti wa kitongoji aite kikao saa kumi, Alute aulizwe juu ya sumu mbele ya wote.

Klara hakucheka. Alikwenda mpaka kwa Alute. Alimkuta mzee ameinama na fagio la chelewa, anasukuma mchanga juu ya uchafu, suruali imekunjwa magotini, mkewe hayupo. Alikuwa mtu wa miaka sabini na kitu.

"Shikamoo, baba," Klara alisema.

Mzee akasema marahaba bila kuinua kichwa, akamuuliza kama na yeye amekuja kuona.

Klara alimnyang'anya fagio. Alizoa, akamwaga majivu, akasugua kizingiti kwa maji ambayo mzee aliyaweka kwa ajili ya kunywa, na mara mbili akageuza uso pembeni. Haikuwa kinyesi kilichomgeuza uso. Kinyesi alikizoea. Ilikuwa ni kujua kwamba aliyekimwaga ni mtu aliyefunga mlango wa nyumba yake akalala akiwa na raha, akidhani ametenda haki, na kwamba raha hiyo mtu huyo alipewa na Klara mwenyewe, kwa kunyamaza kwake.

Saa kumi watu kama thelathini walikusanyika uani kwa mwenyekiti. Hezekia alikuwa ameshaanza kusema. Alisimulia jinsi jike lilivyokuwa zima, maziwa liliyotoa, alizeti ya mwezi wa nne, neno la Alute. Alute aliketi peke yake kwenye tofali, kofia magotini. Klara aliingia na gunia kichwani na beseni mkononi. Nzi waliingia pamoja naye, na waliokaa karibu wakasogeza viti kabla hawajajua ni nini.

"Kaka, ngoja," alisema. "Sumu yenyewe hii hapa."

Akalikung'uta gunia kwenye beseni. Siku nne za jua zilikuwa zimefanya kazi yake. Lile boga jeusi lilikuwa limelainika na kufunguka kidogo, na ndani yake mlikuwa na funza. Mwanamke mmoja alikimbilia nje ya ua. Mwenyekiti aliziba pua kwa daftari la kitongoji. Klara alipiga magoti, akaingiza mkono, akaanza kutoa vile vipande vya bluu kimoja kimoja na kuvipanga kwenye mchanga mbele ya miguu ya kaka yake. Aliwaambia kilikotoka, na siku aliyokitoa. Aliwaambia wachinjaji walikuwepo, waulizwe.

Hezekia aliinama. Alikijua kile kitenge. Dada yake alikuwa amekivaa kwenye harusi ya Deo.

"Hii ni nguo yako," alisema.

"Ni yangu. Na mifuko ni yangu. Nimeuza supu, nikafunga, wakatupa, akala. Mzee Alute hajamgusa ng'ombe wako. Mimi ndiye niliyemuua."

"Umejua lini?"

"Siku ile ile."

Hapo ndipo Hezekia alipomtazama, na Klara akaona usoni mwake kitu kile kile alichokuwa akikihisi yeye kila alipoinamia gunia siku zote nne. Kaka yake alikuwa amemwonea kinyaa. Aliinuka, akavuka ua, akatoka bila kumuaga hata mwenyekiti.

Alute alibaki ameketi. Watu walianza kumwambia maneno ya kulainisha, kwamba yameisha, kwamba ni bahati mbaya tu. Aliyavumilia kidogo, kisha akavaa kofia na kusema kwamba harufu ya mlangoni kwake bado haijaisha. Hakumshukuru Klara, na Klara hakutegemea shukrani. Siku nne ni nyingi.

Mambo hayakutengemaa upesi. Klara alirudi kibandani akatangaza kwamba supu itanywewa kwa bakuli au kwa chombo cha mtu mwenyewe, hakuna mfuko. Madereva walicheka, wakahamia kwa Sikudhani aliyekuwa na mifuko mpaka ya rangi. Kwa wiki mbili Klara alirudi nyumbani na nusu ya sufuria. Akanunua kwa fundi bati vikopo vyenye mifuniko, akawapa madereva wachache anaowajua waende navyo na kuvirudisha safari ya kurudi. Vingine havikurudi. Dereva mmoja, Nathanaeli, mtu wa Misigiri aliyepita kila baada ya siku tano, alirudisha chake kikiwa kimeoshwa, akaanza kuwagombeza wenzake mbele ya kibanda kwamba wanakunywa mafuta yaliyoyeyusha nailoni, na wakila na nailoni yenyewe wasishangae. Aliwaeleza habari za beseni kana kwamba alikuwepo. Baadhi walirudi. Wengi walibaki kwa Sikudhani.

Nyumbani alifua nepi. Maji ya kwanza alimwagia shimo la mbolea, ya pili alisugulia choo, ya tatu yalikwenda kwenye migomba miwili iliyokuwa ikifa nyuma ya nyumba. Jiko waliliwasha kwa magunzi na vichwa vikavu vya alizeti, ambavyo Janeth aligundua vinashika moto upesi kuliko alivyodhani. Janeth hakusema kwamba mama mkwe alikuwa na haki. Alisema tu, siku moja akimpima mtoto kifua kwa sikio, kwamba kile kikohozi hakisikiki siku hizi. Dukani alianza kwenda na kikapu cha ukindu, cha bibi yake wa Kiomboi, kwa sababu alichoka kuulizwa na Klara akirudi amebeba nini ndani ya nini.

Kwa kaka yake Klara alikwenda Jumapili tatu mfululizo. Mara mbili alikaa uani na shemeji yake, Hezekia akiwa amejifungia na ng'ombe zizini. Mara ya tatu Hezekia alitoka, akaketi mbali kidogo, akamuuliza kama ni kweli anafua nepi za mjukuu. Alisema ndiyo. Hezekia akasema yeye sasa anawapeleka ng'ombe upande wa mlima, mwendo wa saa mbili, hawashuki tena korongoni, na miguu inamuuma. Alikuwa amekwenda kwa Alute na debe la mtama. Mzee alilipokea, lakini hakumkaribisha kukaa. Klara na kaka yake waliongea juu ya maumivu ya miguu. Klara alipoaga, Hezekia alimsindikiza mpaka kwenye mti wa mgunga na si zaidi, lakini alimsindikiza.

Utumbo Klara aliendelea kuuosha, maana hakuwa na kazi nyingine. Kuula hakuweza tena. Kila tumbo jipya alilipasua akiwa ameshika pumzi, na mara tatu kati ya kumi alikuta nailoni, kidogo au nyingi. Aliziweka pembeni kwenye ndoo yenye mfuniko akazizika shimoni, shimo alilolichimba Deo aliporudi kutoka kazini, refu kupita kimo chake.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwezi wa kumi na mbili, alasiri, kubwa na ya ghafla. Korongo lilinguruma. Ilipokatika, Klara na Janeth walitoka kuangalia. Maji yalikuwa yameteremsha uchafu wa mji mzima kutoka juu, wa nyumba na baa na vibanda vyote vya barabarani, na pale korongo linapopinda nyuma ya nyumba yao yalikuwa yamepanda ukingo na kuumwaga uani. Pampasi zilining'inia kwenye uzio wa miiba. Mifuko ya rangi ilijaa chini ya migomba. Kuku mmoja alishaanza kudonoa kitu cheupe.

Klara alitema mate. Alisema neno moja la Kinyiramba ambalo Janeth hakuwahi kulisikia kutoka kinywani mwa mama mkwe. Kisha akamfukuza kuku, akaenda kuchukua reki. Janeth alijifunga kanga puani, akaleta magunia, na wakaanzia mlangoni.